Namna ya Kumchukua Paka Mzima Mwenye Woga Kutoka Kituo cha Wanyama na Kumzoesha Nyumbani

Mtu anayetembelea kituo cha kuhifadhi wanyama, kwa mfano kile cha KSPCA, shirika la Kenya la kutetea na kutunza wanyama, kilichopo Karen jijini Nairobi, kwa kawaida huvutwa na watoto wa paka wanaorukaruka na kumpanda begani, naye paka mzima aliyejibanza mwisho wa kizimba, akiwa amewapa watu mgongo, hupitwa kana kwamba hayupo. Si ajabu, lakini ni hasara. Umbo la paka mzima, tabia yake na hali ya afya yake huonekana tangu mwanzo. Mara nyingi amekwisha kuhasiwa au kufungwa kizazi na kuchanjwa. Tena, kwa kuwa paka anayetunzwa ndani ya nyumba huweza kuishi miaka 12 hadi 15 au zaidi, mwenye umri wa miaka mitatu au minne bado ana miaka mingi ya kukaa nawe. Anachohitaji ni mpango. Paka mwoga hazoei kwa kubembelezwa; huzoea kwa kuachiwa aamue mwenyewe lini asogee, lini ale na lini aguswe, na hatua zote zilizomo humu zinatokana na jambo hilo moja.

Kwanza: mtofautishe mwoga na shume

Paka hujifunza kumwamini binadamu akiwa mchanga sana, hasa kati ya wiki ya pili na ya saba baada ya kuzaliwa. Aliyeshikwashikwa na watu kwa upole katika kipindi hicho hubaki na msingi wa imani hata akija kuteswa au kutupwa baadaye, ilhali aliyekulia mtaroni au sokoni bila kuguswa humwona mtu kuwa adui wa kukimbiwa. Nasaba nayo ina sehemu yake: utafiti wa Sandra McCune uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa na dume mwenye urafiki huwa wachangamfu na wajasiri zaidi, ingawa dume la paka kwa kawaida halilei. Kwa hiyo nyuma ya woga wa paka mmoja huenda yupo mwenye nyumba aliyehama au kufariki, na nyuma ya woga wa mwingine hakuna mtu yeyote tangu azaliwe. Wa kwanza ndiye anayekusudiwa na mwongozo huu. Wa pili, paka shume hasa, ataishi vizuri zaidi kwenye ghala, zizi au uwanja ambako atalishwa na kuachwa huru, kuliko kufungiwa katika fleti kwa jina la huruma.

Kuwatofautisha kwa kutupa jicho mara moja ni vigumu, kwa sababu kelele za mbwa na harufu ya dawa ya kusafishia humfanya hata paka mpole agande. Kuganda huku huwadanganya watu wengi. Paka aliyelala ametulia huwa amelegea, miguu imekunjwa ovyo au imenyooshwa, macho yamesinzia. Aliyeganda kwa hofu hujikunyata ameibana miguu chini ya tumbo, shingo imeingia ndani, mboni zimepanuka hata mahali penye mwanga, na mara nyingine hulala ndani ya beseni lake la mchanga kwa kukosa pengine pa kujificha. Ukimkuta katika hali hiyo, waombe wahudumu wamwekee sanduku la karatasi lenye tundu la kuingilia, kisha urudi baada ya siku chache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walipima jambo hili mwaka 2014 na kuona kwamba paka wapya kituoni waliopewa sanduku la kujifichia walipungukiwa na hofu mapema kuliko wenzao ambao hawakupewa. Si ajabu utakaporudi ukaona kama uliyemwona mwanzo alikuwa paka mwingine.

Keti ubavu kwa kizimba kwa robo saa bila kumkazia macho, asubuhi au jioni wageni wakiwa wachache. Paka mwenye tumaini hufanya jambo dogo: hugeuza sikio kufuata sauti yako, hukutazama kisha hufumba macho polepole, hunusa hewa kuelekea upande wako, au hula ungali umekaa pale. Kisha muulize anayemlisha, si anayepokea wageni, kwa sababu mlishaji ndiye anayejua anavyokuwa saa ambazo hakuna mtu mwingine. Je, hujisugua kwenye wavu chakula kinapokuja? Aliwahi kupapaswa? Alitoka nyumbani kwa mtu au aliokotwa? Aliishi na mbwa, watoto au paka wengine? Anakula nini, na anajisaidia kwenye mchanga wa aina gani? Uliza pia kuhusu chanjo, dawa ya minyoo, na kama amepimwa virusi vya FIV, vinavyodhoofisha kinga ya mwili wa paka, na vya saratani ya damu ya paka, yaani FeLV. Ukiona ncha ya sikio moja imekatwa kwa mstari ulionyooka, usidhani alipigana. Katika nchi nyingi hiyo ni alama ya paka wa mitaani aliyekamatwa, akafungwa kizazi na kuachiwa, na ni sababu ya kuuliza zaidi kuhusu asili yake.

Mkikubaliana, omba kitambaa alichokuwa akilalia, na usikifue. Harufu yake mwenyewe ndiyo samani ya kwanza anayoihitaji kwako.

Pili: uwaandae watu kabla ya chumba

Paka wengi waoga hurudishwa vituoni kwa sababu ya watu wa nyumbani, wala si kwa sababu ya tabia zao. Kama umepanga nyumba, pata idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi. Mketishe dada wa kazi, ambaye pengine ndiye atakayeshinda na mnyama huyo kuliko wewe, umweleze kwa utulivu kwamba hatakiwi kumtoa uvunguni kwa ufagio ili apige deki, na kwamba mlango wa chumba hicho hauachwi wazi hata kwa dakika moja. Watoto waambiwe kwamba mgeni huyu hafuatwi; atawafuata yeye. Majirani wanaoamini kwamba paka mweusi ni wa kichawi nao wajue kwamba paka huyu ana mwenyewe, maana si mara moja paka kama hao wamepigwa mawe bila kosa.

Katika nyumba za Waislamu swali la twahara, yaani usafi wa kidini, halikosi kuulizwa, na jibu lake liko wazi: katika hadithi aliyoipokea Abu Qatada, iliyomo katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi, paka ametajwa kuwa si najisi, bali ni katika wale wanaozunguka miongoni mwa watu wa nyumba. Mjamzito hahitaji kumfukuza paka, ila asisafishe mchanga wake, au akilazimika avae glavu. Kimelea cha toksoplasma kinachoweza kutoka kwenye kinyesi cha paka huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo beseni linalosafishwa kila siku hupunguza hatari hiyo sana.

Tatu: chumba kimoja

Usimpe nyumba nzima. Paka mwoga aliyeachiwa sebule, jiko na vyumba vitatu kwa mkupuo huingia nyuma ya friji na kukaa huko, akitoka usiku wa manane kwa kunyata. Chagua chumba kidogo chenye mlango unaofungika: cha wageni, cha kusomea, hata bafu lisilotumika. Anayeishi katika chumba kimoja na atenge kona isiyopitwa na watu, aizungushie pazia au shuka zito, na aifanye hiyo kuwa makao ya paka.

Ziba kwanza mashimo usiyoweza kuyafikia, kama vile nyuma ya kabati la ukutani, ndani ya godoro la springi lililochanika na chini ya sinki, kisha mpe maficho unayoyataka wewe. Sanduku la karatasi la dukani, lililolazwa ubavu na kutandikwa kile kitambaa chake, linatosha kabisa. Vibanda vya bei kubwa vinavyouzwa mjini humfurahisha mnunuzi zaidi kuliko paka. Weka maficho mawili, moja chini na lingine juu, kwenye rafu au juu ya kabati, kwa kuwa paka wengine hujihisi salama wakiwa juu wanaona kila kitu.

Nondo za dirisha hazimzuii paka. Kichwa kikipita, mwili mara nyingi hufuata. Funga wavu wa chuma, hasa ukiwa ghorofani, na usiutegemee wavu wa mbu, ambao huchanika kwa kucha. Ondoa sumu ya panya popote ilipo, pamoja na vishada vya maua ya yungiyungi, ambayo huharibu figo za paka hata akilamba chavua iliyomdondokea manyoyani. Kwa kujisaidia, beseni pana la plastiki litafaa, lenye mchanga wa kina cha vidole vitatu hivi, likae mbali na chakula na maji. Anza na mchanga ule ule aliouzoea kituoni. Baadaye unaweza kuubadilisha kidogo kidogo kwa mchanga wa ujenzi uliochekechwa na kuanikwa juani, au unga wa mbao kutoka kwa seremala, mradi mbao hizo hazikupakwa dawa. Usitie manukato. Mwisho, zungushia kamba ya mkonge kwenye gogo au mguu wa meza ya zamani ili apate pa kunolea kucha. Anayekwaruza kamba huacha kochi.

Nne: safari na usiku wa kwanza

Msafirishe katika sanduku gumu la kubebea wanyama, lililofunikwa kanga, kwa gari lenye utulivu na nje ya saa za msongamano. Mikononi hapana, na kwenye bodaboda hapana kabisa. Ukifika, ingia naye moja kwa moja chumbani, weka sanduku karibu na maficho, fungua kilango chake, kisha utoke. Usingoje uone atakavyofanya. Usiinue sanduku ili ateleze nje. Huenda akabaki humo hadi usiku wa manane, na usiku ukimsikia analia au anakwaruza mlango, mwache. Ukienda kila anapolia atajua kwamba hata giza la chumba hiki si lake.

Tano: siku za kwanza, sahani ndiyo kipimo

Katika siku hizi kazi yako ni ya mhudumu: weka chakula saa zile zile asubuhi na jioni, badilisha maji, ondoa kinyesi, toka. Badala ya kumpima kwa kumwona, mpime kwa vyombo vyake. Pima chakula unachoweka kwa kikombe kimoja kisichobadilika, na kila asubuhi tazama mambo matatu: kiasi kilichobaki, mabonge ya mkojo mchangani, na kinyesi. Paka anayekula usiku na kujisaidia vizuri anaendelea salama hata kama hujamwona mkia.

Asiyekula ni jambo lingine. Akipitisha saa 24 bila kugusa chochote, mpigie daktari wa wanyama. Zikifika saa 48, mpeleke, kwa kuwa mwili wa paka mwenye njaa, hasa aliyenenepa, huanza kumimina mafuta kwenye ini hadi ini likashindwa kufanya kazi. Kabla ya hapo jaribu kupasha chakula joto kidogo ili kinukie, au kumchanganyia samaki wa kuchemsha asiye na chumvi. Dume anayechuchumaa mara kwa mara mchangani bila mkojo kutoka huenda mrija wake umeziba, na huyo hangojwi hata hadi kesho.

Mlishe kwanza kile alichokula kituoni, ukibadilisha taratibu kwa muda wa wiki moja au zaidi. Ugali na mchuzi si chakula cha paka: mwili wake unahitaji taurini, ambayo hupatikana katika nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Dagaa ni wazuri kama nyongeza, wakishaoshwa chumvi na kuchemshwa. Mabaki yaliyopikwa kwa kitunguu au kitunguu saumu yanadhuru damu yake, na maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wazima wengi.

Akishaanza kula vizuri, ongeza kukaa naye. Ingia, keti sakafuni ubavu kwake, usome gazeti kwa sauti ya chini au upange nguo. Mwangalie kwa mkato, fumba macho polepole, fumbua, kisha geuza uso. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha mwaka 2020 matokeo yanayoonyesha kwamba paka hujibu ufumbaji huo kwa kufumba wao pia, na kwamba humsogelea kwa wepesi zaidi mgeni anayewafumbia macho kuliko anayewatazama bila kuonyesha ishara yoyote. Sogeza sahani karibu nawe kila siku kwa kiasi kidogo kuliko unavyotamani. Akisita kula, irudishe ilipokuwa jana.

Sita: mkono

Wapo wanaoshauri paka mwoga ashikwe kwa nguvu kidogo kila siku hadi azoee. Sikubaliani nao. Paka aliyeshikiliwa hutulia kwa kukata tamaa, na akipata nafasi atakwepa mkono ule ule kwa miezi.

Nyosha kidole kimoja, kimelegea, kwa kimo cha pua yake na mbali naye kiasi cha yeye kulazimika kupiga hatua akitaka kukifikia. Akikinusa na kugeuza kichwa, basi kwa leo yamekwisha. Akikinusa kisha akasukumia shavu lake kwenye kidole, mkune shavuni, mara mbili au tatu tu, halafu uondoe mkono ungali unatakiwa. Akiufuata, endelea; asipoufuata, ngoja. Mashavu, chini ya kidevu na mbele ya masikio ndiko anakopenda. Tumbo, miguu na shina la mkia viache. Ncha ya mkia ikianza kutikisika, ngozi ya mgongo ikichezacheza au masikio yakilala ubavuni, amekwisha kukuambia basi kabla ya kukukwaruza.

Kwa paka asiyetaka mkono kabisa, unyoya uliofungwa kwenye ufito mrefu ni njia bora. Mchezo humtoa katika hofu kwa sababu mwindaji hawezi kuwinda na kujificha kwa wakati mmoja. Uvute unyoya ukimkimbia, usimwelekezee usoni, na umalizie mchezo kwa chakula.

Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Meno ya paka huingiza vijidudu ndani sana, na katika nchi zetu kichaa cha mbwa bado kipo.

Saba: kuufungua mlango

Ukiona anakuja kukupokea mlangoni au anashinda nje ya maficho ukiwa chumbani, yuko tayari kuiona nyumba. Acha mlango wazi kidogo usiku, nyumba ikiwa imetulia, na usimbebe kwenda kumwonyesha. Atatoka hatua chache, atarudi mbio, atatoka tena. Njia ya kurudi isizibwe hata kwa kiti, na chumba chake kibaki chake kwa wiki nyingi baadaye. Kama kuna paka mwingine nyumbani, anza kwa kubadilishana vitambaa vyao, kisha walishe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, na uwaonyeshane kupitia wavu kabla ya kuwaacha pamoja. Mabeseni ya mchanga yawe sawa na idadi ya paka, ukiongeza moja.

Kurudi nyuma kutatokea. Mvua kubwa juu ya mabati, fundi mwenye nyundo au wageni wa harusi watamrudisha sandukuni kwa siku kadhaa. Punguza matarajio, rudi kwenye ratiba ya sahani, naye atatoka upesi kuliko mara ya kwanza.

Nane: daktari na dawa

Isipokuwa anaumwa, ziara ya kwanza kwa daktari ingoje hadi ale vizuri. Acha sanduku la kubebea wazi chumbani siku zote likiwa na kitambaa ndani, ili lisiwe ishara ya balaa. Chanjo za kuhuishwa ni ya kichaa cha mbwa pamoja na ile ya mchanganyiko inayokinga panlukopenia, ugonjwa mkali wa virusi wa paka, na virusi vya mafua ya paka. Usimpe kamwe dawa ya binadamu: kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua. Dawa za viroboto za mbwa zenye permetrini nazo ni sumu kwake, kwa hiyo soma karatasi ya dawa hata kama muuzaji amekuhakikishia kwamba ni ile ile.

Safari za kwenda nyumbani

Desemba familia nyingi hufunga nyumba na kwenda mashambani. Paka mwoga asichukuliwe, kwa sababu nyumba ya babu ikijaa watu itamtoa mbio na huenda usimpate tena. Mtafute jirani au ndugu wa kumlisha, naye aanze kuja mapema, walau wiki mbili kabla ya safari, aweke sahani mwenyewe nawe ukiwepo. Mwachie ufunguo, kikombe cha kupimia chakula na namba ya simu ya daktari, na umwonye asifungue dirisha lisilo na wavu.